Mizani kutoka Hamburg inasoma pungufu Mwanza: imeharibika?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni sonara hapa Mwanza. Shemeji yangu anayeishi Hamburg alininunulia mizani ya kielektroniki, ikakaguliwa hukohuko na kupewa cheti. Nilipoiwasha dukani nikaweka jiwe la mizani la gramu 100, ambalo limeshahakikiwa, ikasoma 99.64, mara nyingine 99.65. Jiwe hilohilo nikiliweka kwenye mizani ya vitanga viwili aliyoniachia marehemu baba, linalingana sawasawa na mawe mengine. Mwenzangu wa dukani anasema mizani imeharibikia njiani. Mwanangu wa kidato cha pili anasema ni nzima, ila Dunia huku inavuta kidogo kuliko Ulaya, na kwamba gramu si kipimo cha uzito. Nani yuko sahihi, na nifanye nini? Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, sitaki kumdhulumu mtu.

JIBU: Ndugu yangu, mwanao yuko sahihi, na mwalimu wake anastahili pongezi. Mizani yako inafanya kazi vizuri kabisa, ila imewekwa kwa ajili ya Hamburg.

Tuanze na vitu viwili ambavyo sokoni tunaviita kwa jina moja. Dhahabu ina tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo ndani yake. Hicho ndicho kinachopimwa kwa gramu na kilo, na hakibadiliki ukiisafirisha dhahabu hiyo Hamburg, Mwanza au hata Mwezini. Kisha kuna uzito, ambao ni kani: nguvu ambayo Dunia inaitumia kuivuta dhahabu hiyo chini. Kani hupimwa kwa nyutoni, na unaipata kwa kuzidisha tungamo kwa mchapuko wa uvutano wa mahali ulipo (yaani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kiasi gani kila sekunde), ambao wanafizikia huuandika g. Muuguzi wa kliniki akisema mtoto ana uzito wa kilo 9, hakuna haja ya kubishana naye, sote tunamwelewa. Kwenye karatasi ya mtihani wa fizikia, hata hivyo, hizo kilo 9 ni tungamo, na uzito wa mtoto ni karibu nyutoni 88.

Sasa tazama mizani yako inavyofanya kazi. Chini ya sahani mna kipande cha metali, mara nyingi aluminiamu, kinachopinda kidogo sana kitu kinapowekwa juu yake. Juu ya kipande hicho zimebandikwa nyaya nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinapovutika. Mizani inasoma badiliko hilo. Kwa maneno mengine, inahisi kani peke yake na haina njia yoyote ya kuiona tungamo. Ili ikuandikie gramu kwenye kioo, inalazimika kuigawa kani hiyo kwa g ambayo iliwekewa siku ya kurekebishwa. Yako iliwekewa ya Hamburg.

Hamburg iko takriban nyuzi 53.5 kaskazini mwa ikweta, na g yake ni karibu 9.814 (mita kwa sekunde kwa sekunde). Mwanza, nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina g ya karibu 9.78. Jiwe lako lina kilo 0.1, kwa hiyo Mwanza linakandamiza sahani kwa nyutoni 0.978. Mizani inaigawa 0.978 kwa 9.814, inapata kilo 0.09965, inakuandikia gramu 99.65. Ndiyo namba uliyoiona.

Kwa nini Dunia inavuta kwa kipimo tofauti? Sababu kubwa ni mzunguko wake. Mtu aliye ikweta anazungushwa pamoja na ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, wakati aliye kwenye ncha ya Dunia anageuka tu papo hapo. Sehemu ndogo ya uvutano inatumika kumgeuza yule wa ikweta asichopoke kwenye duara lake, na sehemu hiyo haifiki kwenye sahani ya mizani. Huo peke yake unapunguza g kwa takriban 0.034. Kisha mzunguko huohuo umeifanya Dunia ivimbe katikati: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi kwenye ncha ni 6,357. Sisi wa huku tuko mbali zaidi na kitovu kwa kilomita 21. Ukijumlisha yote, g inakuwa 9.78 ikweta na 9.83 kwenye ncha, usawa wa bahari. Mwinuko wa Mwanza nao unapunguza kidogo tena. Kila mita 1,000 unazopanda hewani huondoa karibu 0.003.

Jambo hili liligunduliwa kwa kifaa kilichogoma kama chako. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikuwa na saa ya pendulamu (fimbo yenye uzito inayobembea na kuiendesha saa) huko Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Saa ambayo ingekwenda sawa Paris ikawa inachelewa takriban dakika 2 na nusu kila siku, ikambidi aifupishe pendulamu yake kwa milimita zisizofika 3. Wapo waliodhani ni joto tu limeirefusha fimbo. Isaac Newton alilichukulia kwa uzito unaostahili: akalitumia kama ushahidi kwamba Dunia si duara kamili. Nalipenda tukio hili kwa sababu Richer hakulazimisha kifaa chake kisiwe na tofauti. Aliiandika tofauti kama alivyoiona.

Mizani ya marehemu baba yako haiguswi na haya yote. Kitanga kimoja kina dhahabu, kingine kina mawe. Dunia ikivuta kidogo, inavuta kidogo pande zote mbili kwa uwiano uleule, na mkono unabaki sawa. Mizani hiyo inalinganisha tungamo na tungamo, na ingetoa jibu lilelile hata Mwezini, ambako g ni 1.62 tu. Masonara wa zamani walikuwa na kifaa bora kuliko wengi wanavyodhani. Itunze, itakufaa kuihakiki hii mpya.

Kabla hujairekebisha, naomba uthibitishe kwamba tatizo ni uvutano na si jingine. Weka jiwe la gramu 50, kisha la 200. Kama ni uvutano, pungufu litakua kwa uwiano: karibu 0.17 kwa gramu 50, karibu 0.35 kwa 100, karibu 0.70 kwa 200. Ukikuta pungufu ni lilelile kwa kila jiwe, hiyo ni sifuri iliyohama, na kitufe cha kurudisha sifuri kinatosha. Likibadilika unapolisogeza jiwe pembeni mwa sahani, hapo mwenzako ana hoja: huenda kweli kuna kitu kimepinda safarini. Namba zikichezacheza, zima feni na funga dirisha. Wengine watakuambia meza imeinama. Kutazama kiputo cha kusawazishia ni vizuri, lakini ili meza peke yake ilete pungufu la 0.35 kwa gramu 100 lazima iiname karibu nyuzi 5, na hilo ungeliona kwa macho.

Ukishathibitisha, usihangaike na cheti cha Hamburg. Ni cha kweli, ila kinahusu Hamburg. Baadhi ya mizani za biashara za Ulaya huandikwa kabisa g au kanda ya uvutano zilikorekebishiwa. Itazame bamba la nyuma. Mizani za aina hii kwa kawaida zina utaratibu wa kurekebisha: unaiwasha na kuiacha ipate joto kwa muda uliotajwa kwenye kijitabu chake, unaingia kwenye hali ya marekebisho, unaweka jiwe lililohakikiwa, nayo inajifunza kwamba kani hii, mahali hapa, ni gramu kadhaa. Ila wewe unaitumia kununua na kuuza, kwa hiyo usiishie hapo. Ipeleke Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kupigwa alama kabla haijagusa dhahabu ya mtu. Kama ina lakiri yoyote, usiikate mwenyewe.

Na hapa ndipo swali lako lilipo hasa. Mizani ikiwa ilivyo sasa, mchimbaji anayekuletea gramu 100 halisi analipwa za 99.65. Kwa kilo moja inakuwa gramu 3 na nusu, na mchimbaji hana namna ya kujua, kwa kuwa anaona kifaa kipya chenye cheti. Kama umeshanunua kwa mizani hiyo, chukua kila namba uliyoiandika, igawe kwa 0.9965, utapata tungamo halisi. Tofauti ni mali ya mchimbaji, na unayo hesabu ya kumrudishia. Kinyume chake pia kipo: mizani iliyorekebishwa hapa kwetu ikipelekwa Hamburg itasoma zaidi, na atakayelipa cha ziada ni mnunuzi.

Siku ukihamishia duka Dar es Salaam, rudia marekebisho. Kule pwani g ni karibu 9.781, juu kidogo ya Mwanza, na kwa gramu 100 mizani inayosoma tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali itaiona tofauti hiyo.