Usiuamini mzani peke yake, chukua futi upime tumbo

Mkuu, umeuliza mbona kaka yako, kilo 79 tu na miguu myembamba, daktari kamwambia kitambi chake kinahatarisha mishipa ya moyo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na maradhi ya mishipa ya moyo ninayo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa kliniki.

Inategemea mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani na makalioni hayana fujo sana. Yaliyojificha ndani ya tumbo, yakalizunguka ini na utumbo, ndiyo wakorofi: yanamwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inashindwa kufanya kazi yake sawasawa, presha inapanda, trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) zinaongezeka, kolesteroli nzuri inashuka. Wengi hudhani mafuta yanaganda mshipani kama uchafu kwenye bomba. Sivyo. Utando laini wa ndani ya mshipa ukishaumia kwa mambo hayo, kolesteroli mbaya inapenya mpaka kwenye ukuta wenyewe wa mshipa, chembe nyeupe za damu zinaifuata kuimeza, panatunga kivimbe. Siku kikipasuka, damu inaganda hapo hapo na kuziba njia. Ndiyo maana mtu uliyemwona jana sokoni akicheka, leo unaambiwa kaanguka.

Mimi kifua kilikuwa kinanibana nikiendesha baiskeli kwenda Raskazone, upepo wa bahari usoni. Nikisimama, kinaachia. Moyo ulikuwa unadai damu zaidi, na mshipa umeshakuwa mwembamba.

Wanaume hatujijui kabisa. Mteja anakuja: "Fundi, mimi saizi 36 tangu nioe." Kweli, kwa sababu suruali anaifungia chini ya kitambi! Nikizungusha futi usawa wa kitovu, inasoma inchi 43. Kliniki wanapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga: mwanaume akizidi sentimita 102 na mwanamke 88, hatari ni kubwa.

Kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunashusha presha na trigliseridi. Soda na viazi karai vya jioni nimeviacha. Mchuzi wa nazi hapana, jamani, nimepunguza tui tu. Dawa nameza kila siku.

Kaka yako apime presha, sukari na mafuta ya damu. Na kifua kikimbana akiwa amekaa tu, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, msimpe tangawizi mkangoja kupambazuke. Muwahisheni hospitali usiku huo huo.