Aspirini haikai mwilini, mbona inaachwa wiki nzima kabla ya upasuaji?

Mdogo wangu uliyeuliza, umesoma sawa: aspirini hutoka kwenye damu ndani ya saa chache. Na uliyoyasikia wodini pia ni sawa. Kinachobaki si dawa, ni kazi iliyokwisha kuifanya.

Chembe sahani, ile chembe ndogo ya damu inayoziba jeraha, haina kiini. Aspirini ikishakifunga kimeng'enya chake cha COX-1, chembe hiyo haiwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo haitoi tena thromboksani, kemikali ya kuwaita wenzake kwenye jeraha. Itabaki hivyo mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana nikipokea mgonjwa wa upasuaji nauliza dozi ya mwisho aliimeza siku gani. Kuiacha au kuendelea nayo ni uamuzi wa daktari. Mwenye stenti mpya (kijibomba cha kuufungua mshipa wa moyo) akiacha kienyeji, stenti inaweza kuziba.

Usiihukumu kwa INR, kipimo cha kuganda kwa damu. Hiyo ni ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Hata hesabu ya chembe sahani itakudanganya: zinaweza kuwa za kutosha kabisa, ila hazishikani. Mimi naangalia mgonjwa mwenyewe. Ukichomoa kanula (mrija wa kwenye mshipa), bonyeza na ukae hapo hapo, usibandike pamba ukaondoka. Muulize kama povu la mswaki lina damu, na choo kama ni cheusi kinachonata. Swali la choo wengi hulijibu kwa aibu, rudia.

Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani kushikana, hupita njia nyingine, kipokezi cha P2Y12, na lazima ini liibadilishe kwanza ndipo ifanye kazi. Omeprazoli huvuruga mabadiliko hayo, na mara nyingi huandikwa ili kulinda tumbo la mgonjwa huyo huyo. Ukizikuta pamoja kwenye chati, mwulize daktari. Pantoprazoli haina usumbufu huo kwa kiasi kile. Tikagrelori, ya kundi hilo hilo la klopidogreli, hushika kipokezi na kukiachia, kwa hiyo hutolewa mara mbili kwa siku. Akilalamika pumzi fupi, mpime na utoe taarifa, maana dawa yenyewe huweza kuleta hali hiyo.

Kitu ambacho vitabu hukipitia haraka ni ibuprofeni, dawa ya maumivu. Ikitangulia, hukalia kiti cha aspirini kwenye COX-1, na aspirini hupita bila kufanya kazi. Ukimwuliza mgonjwa "unatumia dawa gani nyingine?" atasema hakuna. Mwulize mgongo ukimuuma huwa anameza nini.