Kusoma digrii mtandaoni ukiwa mtu mzima: jibu kwa dada wa Tororo

Dada uliyeuliza kutoka Tororo, una miaka 39, duka, watoto watatu, na watu wanakwambia digrii ya mtandaoni ni mteremko kuliko ya darasani. Mimi nimeimaliza hiyo digrii, ya biashara, nikiwa hapa Busia upande wa Uganda, karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Nilianza nikiwa na miaka 36, na ya miaka mitatu nikaimaliza kwa minne. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kilichotaka kunishinda si nilichokuwa nakiogopa.

Nilikuwa naogopa ada na mtandao. Kumbe taabu ilikuwa kwamba hakuna anayekuona unasoma.

Mtu wa darasani huvaa, hubeba begi, huaga. Nyumba nzima inajua hayupo. Mimi nilikuwa kwenye kochi, simu mkononi, mhadhiri anaeleza gharama za uzalishaji, na mama mkwe anamwona mke wa mwanawe amekaa na simu tangu jioni. Maji yamechemka, naitwa. Mtoto analia, naitwa. Nikirudi, wenzangu wameshafika kwenye maswali na mimi hata mfano wa kwanza sijaunakili. Siku moja nikamsikia anamwambia jirani kwamba siku hizi nimekuwa mtu wa simu tu. Sikumlaumu. Kwa macho yake, mwenye kusoma na mwenye kuangalia video za harusi wanafanana.

Basi nikavaa viatu. Usinicheke. Kila siku ya kipindi, saa moja kasoro robo jioni, nilivaa viatu vya kazini, nikachukua begi, nikasema, "Mama, nakwenda darasani," nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikaingia stoo. Humo mlikuwa na magunia ya mahindi na meza moja ya mguu mfupi. Wiki ya kwanza watoto walinifuata kuchungulia dirishani. Wiki ya tatu nikamsikia mama mkwe mwenyewe anawafukuza: "Hamwoni mama yenu yuko darasani?" Pale ndipo nilipoanza kusoma kweli, na ilikuwa semista ya pili tayari. Ya kwanza nilikwishapata somo moja la kurudia.

Sasa mtandao. Nilianza mwishoni mwa 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona na walimu wenyewe ndio kwanza wanajifunza kufundisha mbele ya skrini. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi 18. Nilikuwa na kazi ya kuwasilisha ndani ya siku hizo. Wenzangu wa Mbarara na Gulu walikaa tu. Sisi wa mpakani kila mtu ana laini mbili, kwa hiyo nilikwenda karibu na mpaka na laini ya Kenya, nikainua simu kama mtu anayeanika nguo mpaka vijiti viwili vikapanda, nikaituma. Baadaye chuo kiliongeza muda kwa wote, kwa hiyo ushujaa wangu haukunipa hata alama moja.

Gharama ya bando ipange kama unavyopanga kodi ya duka. Zamani tulilipa ile shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp na mitandao mingine. Julai 2021 ikafutwa, ikaja kodi ya asilimia 12 ndani ya bei ya bando. Huioni, lakini unailipa. Zima kamera kipindini, mwalimu hahitaji kuona magunia yako. Vitabu na rekodi za vipindi pakua kwa mkupuo mmoja usiku, usirudie kuzifungulia mtandaoni kila mara.

Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ni habari yake. Nilikuwa na mtihani wa dakika 40 kwenye mfumo wa chuo, laptopu ya kuazima ambayo betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Dakika ya 15, giza. Si umeme uliokatika, ni yuniti zimekwisha, maana jioni ile mtu alipiga pasi sare zote za wiki. Nikanunua kwa simu, namba 20 zikaja kwa ujumbe, nikawa nazisoma nne nne kwa tochi na kijana wangu anabonyeza kwenye mita. Mara ya kwanza ikakataa. Mkono ulikuwa unanitetemeka, nilisoma 6 mahali pa 8. Niliporudi zilikuwa zimebaki dakika 11, kwa sababu saa ya mtihani haingoji mtu, ila majibu niliyokwishajaza yalikuwa yamehifadhiwa. Nikapata 58. Tangu siku hiyo kila mtihani niliingia na simu iliyojaa chaji, nimeshafungua akaunti ya chuo humo tayari.

Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha kozi ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na haijaisha muda. Mwaka 2023 kulikuwa na kelele kubwa kuhusu kozi za vyuo mbalimbali zilizokwisha muda wake. Uliza pia kama ithibati hiyo inahusu kusoma kwa masafa au ya darasani peke yake. Kama hukufika Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, usikate tamaa: kuna mtihani wa kuingilia wa watu wazima, Makerere kwa mfano wanataka uwe na miaka 25 kwenda juu, na wengi tuliosoma nao walipitia huko.

Usidanganyike pia na neno mtandaoni. Sisi tuliitwa Kampala kila semista kwa wiki za ana kwa ana, nauli na malazi juu yako. Halafu maksi za somo moja hazikuonekana kwenye mfumo kwa mwaka mzima. Barua pepe sita, hakuna jibu. Nilipanda basi la usiku na karatasi zangu nilizochapisha, mama mmoja wa ofisini akazipata kwenye faili la darasa lingine kwa dakika kumi. Chapisha kila uthibitisho wa kuwasilisha kazi, weka kwenye bahasha, hata kama vijana watakuona mshamba.

Ni rahisi kuliko darasa? Hapana. Lakini darasa la Kampala mimi nisingeliweza kabisa, duka lako nalo halitakuruhusu. Jiunge muhula unaokuja, na ukiazima laptopu, angalia betri kwanza.