Hita ya van ya umeme kuvuja ndani: nilivyobadilisha yangu hapa Mtwara

Mkuu uliyeuliza kutoka Newala, nimesoma swali lako mara mbili. Van yako ndogo ya umeme unayosambazia mikate inalowesha zulia upande wa abiria, alfajiri kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani, na fundi amekuambia akuzibie hita maisha yaendelee, eti huku Kusini hakuna baridi ya kuhitaji hita. Mimi nasambaza maji ya kunywa na mikate kati ya Ligula, Chikongola na Mikindani kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka jana niliambiwa maneno hayo. Nilikubali, na gari likaja kulala wiki tatu. Badilisha hita, usiizibe, na kabla ya kufunga mpya ujue ya zamani iliuliwa na nini.

Ila usinunue chochote kwanza. AC ya gari huku kwetu inakamua maji mengi sana hewani, na maji hayo hutoka kwa mpira mwembamba chini ya gari. Mpira ule ukijaa vumbi, au wadudu wakijenga humo, maji yanarudi ndani na kulowesha zulia lilelile. Chukua tishu nyeupe uikandamize zuliani. Maji ya AC hayana rangi wala harufu, na yakikauka hayaachi kitu. Kulanti, yaani yale maji yenye dawa yanayozunguka kwenye hita, ina rangi, inanata vidoleni, inanukia utamu fulani, na ukungu wake kiooni unaacha utando kama wa mafuta ambao kitambaa kinautandaza badala ya kuufuta. Halafu kwenye kitangi cha maji ya hita piga alama kwa kalamu, endesha siku tatu, uone kama kimeshuka. Jamaa mmoja wa Magomeni alikuwa ameshatafuta hadi wa kumwagizia hita, tukapuliza mpira wa AC kwa pampu ya baiskeli, tatizo likaisha palepale.

Pia angalia kama gari lako lina hita ya maji. Gari la umeme halina injini ya kuchemsha maji, kwa hiyo joto linatengenezwa kwa umeme wa betri kubwa. Kuna magari ambayo kifaa cha kupashia kimekaa ndani ya boksi la feni na kinapasha hewa moja kwa moja. Hayo hayana kulanti ya kuvujisha zuliani, ila yana waya wa volti kubwa unaoingia mpaka nyuma ya dashibodi. Mengine, kama langu, yana jiko la umeme mbele linalopasha kulanti, pampu ndogo inaisukuma mpaka kwenye kirejeta kilichojificha nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa kupita hapo. Kirejeta hicho ndicho tunachokiita hita, na ndicho kilichotoboka kwangu. Ukiona mipira miwili ya maji inapita kwenye ukuta wa mbele kuingia ndani, nawe uko upande wangu.

Sasa hilo la kuziba. Kwenye gari la petroli, fundi akizungusha mpira mmoja kutoka tundu hili hadi lile, injini inaendelea kupoa kama kawaida na huna hasara kubwa. Fundi wangu hakuzungusha, alichomeka bolti kwenye mipira yote miwili akakaza klipu. Pampu ikabaki inasukuma maji yasiyo na pa kwenda. Mwezi wa tatu, mvua kubwa, kijana anayenisaidia akaona kioo kimefifia akazungusha kitufe cha joto, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Jiko likachemsha maji yaliyosimama, mpira ukapasuka karibu kabisa na waya za rangi ya chungwa, taa ya hatari ikawaka tukiwa katikati ya njia ya Mikindani na mikate nyuma. Jiko lenyewe likawa limekufa, na hilo ni ghali kuliko kirejeta mara nyingi. Kama hali inakulazimisha kusubiri kipuri, basi maji yazungushwe kwa mpira mmoja uliopinda vizuri, mfumo ujazwe, na swichi ya joto ifungwe isiguswe na mtu.

Na wewe uko Newala. Mimi mtu wa pwani naweza kuishi bila hita miezi mingi, lakini huko juu mwezi wa sita na wa saba ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma asubuhi mpaka mtu haoni upande wa pili wa barabara. Unatoka saa kumi na moja na nusu na mikate, watoto wanaenda shule kwa miguu pembezoni mwa barabara. Kioo kisichoona ndani ya ukungu ule siwezi kukishauri kwa mtu yeyote.

Tuje kwenye kazi, na hapa naomba usome taratibu. Betri ya gari langu ni ya volti 330. Huo ni umeme wa moja kwa moja, ukikushika unaweza usikuachie, na unaua. Waya zote za rangi ya chungwa zinaubeba. Kwa hiyo kazi haianzi na bisibisi. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako wewe, waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 umetolewa, kisha plagi ya usalama ya betri kubwa imechomolewa na mtu aliyevaa glavu za umeme za volti 1,000, zilizokaguliwa kama zina tundu. Plagi hiyo usiiache juu ya kiti. Mimi niliifungia kwenye sanduku la vifaa. Halafu tulikaa dakika 15 bila kugusa kitu, maana ndani ya vifaa kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kukata, ndipo tukapima kwa mita kwenye waya wa jiko la hita mpaka tukaona sifuri. Mita yenyewe iwe imeandikwa inahimili volti hizo. Ile ya elfu chache ya kupimia soketi za nyumbani si ya kazi hii. Kama fundi wako hana glavu na anakwambia ana uzoefu, tafuta mwingine, hata kama ni wa kumtoa Dar.

Dashibodi sitakueleza skrubu kwa skrubu, kila gari lina yake. Waya za plagi za njano ni za mifuko ya hewa ya usalama, zisipimwe kwa mita wala kuvutwa hovyo. Piga picha kila hatua. Tulitumia trei za mayai kuweka skrubu, kila safu na sehemu yake, tukaandika kwa kalamu. Siku nzima ya kwanza iliisha hivyo, na kirejeta chenyewe hakijaonekana.

Kwenye baadhi ya magari kirejeta kinachomoka kwa pembeni bila kutoa boksi zima. Langu halikukubali, boksi lilibidi litoke, na boksi halitoki mpaka mabomba ya AC yafunguliwe. Mkuu, hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu gari la umeme bila kujua. Gesi ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Na wakati wa kurudisha, oili. Kompresa ya gari la umeme ina mota ndani, na oili inaizunguka mota hiyo. Inatakiwa oili isiyopitisha umeme, ile ya aina ya POE. Oili ya PAG iliyojaa kwenye gereji kwa magari ya kawaida inapitisha umeme kiasi cha kutosha kushusha kinga ya mfumo mzima, na gari linaweza kukataa kuwaka kabisa likidhani kuna waya umechubuka. Hata mabaki yaliyomo kwenye mipira ya mashine ya gesi yanatosha kuleta shida. Mimi nilimwomba fundi AC anioneshe kopo kabla hajaligusa gari langu. Alichukia kidogo, tukaelewana.

Siku ya pili mchana kirejeta kikatoka. Kidogo, ukikishika kwa mikono miwili kinajaa tu. Nje kilikuwa kizuri, mapezi yake yamenyooka, isipokuwa kona moja ya chini ambapo sponji ilikuwa imeloa na kuoza. Nilipoifuta kona hiyo nikaona tundu dogo kama la ncha ya sindano, na pembeni yake unga mweupe uliokauka kama chumvi ya jikoni. Tulipokigonga kwenye ubao, mirijani ukatoka unga mwingine wa kijivu. Alumini ilikuwa imeliwa kutoka ndani. Nikakumbuka: kila kitangi kilipopungua, tulikuwa tunaongeza maji ya kisima cha nyumbani, na kisima chetu kiko karibu na bahari, maji yake yana chumvi ya kuonja kwa ulimi. Miezi minane hivi. Mzee wa rejeta pale Majengo alijaribu kukichomelea, nikamshukuru kwa moyo wake, lakini alumini nyembamba hivyo iliyoliwa kwa ndani ukiziba hapa inatoboka pale. Dawa za kumimina za kuziba matundu nazo usizitie, zitaganda kwenye pampu ndogo ya hita.

Kirejeta kingine kilitoka Dar kwa basi, kimefungwa kwenye boksi la vitenge, ndiyo maana ya zile wiki tatu. Kabla ya kukifunga tulikijaza upepo kidogo na kukizamisha kwenye ndoo ya maji kuona kama kinatoa mapovu. Fanya hivyo hata kikiwa kipya, kwa sababu hutaki kufungua dashibodi mara mbili. Oringi, vile vipira vya duara vya kuzuia kuvuja kwenye maungio, zote mpya. Sponji ya kuzunguka kirejeta usiiruke, bila hiyo hewa inapita pembeni na utapata uvuguvugu tu. Mipira ya zamani iliyogandia kwenye bomba ichanwe kwa wembe kwa urefu, usiizungushe kwa plaizi, bomba la alumini linapinda kama kopo la soda.

Kabla ya kujaza tulisafisha mfumo wote kwa maji yaliyochujwa mvuke, yale ya betri yasiyo na tindikali, mpaka yakatoka meupe. Halafu kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitangi, nusu kwa nusu na maji hayohayo. Ya zamani tuliikinga kwenye dumu tukalifunga. Ni sumu, na kwa kuwa ni tamu, mbuzi na paka wanailamba, na mtoto pia anaweza.

Kutoa hewa ndiko kulikotuchosha. Mfumo ni mdogo na pampu yake haina nguvu, povu moja tu linasimamisha kila kitu: utasikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi, joto linakuja na kukata. Tulipandisha gari mbele kwenye mteremko, tukaacha pampu ifanye kazi kifuniko kikiwa wazi, tukaongeza kidogo kidogo, tukazima, tukarudia. Mara ya tano mgugumio ukaisha.

Ukishamaliza, joto litumie kwa kiasi. Jiko la aina hii linakula kilowati 4 hivi likifanya kazi kwa nguvu. Nusu saa ni uniti 2, na betri yangu ilipokuwa mpya ilikuwa ya uniti 16 tu. Mimi nawasha joto na AC pamoja gari likiwa bado kwenye chaji, dakika kumi kabla ya kupakia, kioo kinakuwa kikavu na sijagusa chaji ya safari.

Ukipata nafasi ya kufanya ile ya tishu kesho asubuhi, weka picha hapa, na ya ile mipira miwili kwenye ukuta wa mbele kama utaiona. Kwenye gari langu namba ya kipuri imebandikwa ubavuni mwa boksi la hita, upande wa miguu ya abiria; nitumie nayo nimuulize aliyeniletea changu kama anacho kingine.