Dhamira hazikaririwi: jibu kwa mdogo wetu wa Mafinga

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma swali la mdogo wetu wa Mafinga anayerudia mtihani wa Kiswahili. Anasema amekariri dhamira nane za Kinjeketile, ile tamthiliya ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kutoka kwenye kijitabu cha tahakiki, yaani cha uchambuzi, anazijua kama Baba Yetu, lakini swali likigeuzwa kidogo tu anakwama, na sifa za wahusika zinamchanganya. Waliotangulia kumjibu wamemshauri aongeze vijitabu. Mdogo wangu, usiongeze. Nitakueleza sababu, na utanivumilia nikirefusha, maana jambo hili lilinila miaka miwili.

Mara ya kwanza Kiswahili kiliniangusha. Darasani kwetu tamthiliya ile ilikuwa na nakala tatu kwa wanafunzi zaidi ya sitini, kwa hiyo tulinakili ubaoni: Kinjeketile ni mzalendo, ni jasiri, ni mwanamapinduzi, anaamini mizimu. Kitunda ni mzalendo, ni jasiri, ana mapenzi kwa nchi yake. Sikuwahi kukishika kitabu chenyewe. Ebu zitazame hizo sifa. Mchukue Mkwawa wa Kalenga, mtawala wa Wahehe, uzimwagie, zitamkaa. Mchukue Kinjeketile uweke jina la Kitunda, hakuna atakayegundua umebadilisha. Wale ni watu wawili wanaobishana hadi mwisho wa tamthiliya, na mimi nilikuwa nimewaandika kama pacha!

Baada ya hapo nikawa nauza mchele Mwanjelwa, kwenye kibanda cha mama mdogo, na nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kitabu nilikiazima maktaba ya mkoa pale Mbeya. Ikatokea kwamba Juni ile nilikwenda Yakobi, Njombe, kumsaidia bibi kuvuna mahindi, nacho kikiwa ndani ya mkoba. Mnaoijua Njombe ya Juni mnajua kwamba jioni hakuna pa kukaa ila jikoni, karibu na moto. Bibi hakujua kusoma. Nikaanza kumsomea kwa sauti.

Kurasa za mwanzo tu akanisimamisha. Pale wake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanazungumza habari ya shida ya chakula. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akanyamaza, kisha akaanza kunisimulia mambo aliyoyasikia kwa mama yake: vita ilipopita Wajerumani walichoma vihenge na mashamba, watu wakachimba mizizi, na wajomba zake mama hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa. Vita vya Majimaji vilifika huku kwetu kweli. Misheni ya Yakobi ilishambuliwa na Wabena Septemba 1905, kwa hiyo kwa bibi habari hizi zilikuwa za nyumbani. Lakini angalia alichonifundisha bila kujua. Kwenye kijitabu ile sehemu ya wanawake ilikuwa imepitwa, kwa kuwa hakuna "dhamira kuu" mle. Kumbe mwandishi, Ebrahim Hussein, alianzia kwenye chungu kitupu kwa makusudi. Kabla ya mizimu, kabla ya maji yaliyoaminika kuzuia risasi, kuna watu ambao wanaume wao wanalima shamba la Bwana Kinoo, mlowezi wa Kijerumani, huku nyumbani hakuna cha kupika. Ukilikosa hilo, unadhani watu waliyakimbilia maji kwa ujinga.

Tulipofika mwisho ndipo tulipogombana, mimi na bibi. Kinjeketile yuko gerezani. Mjerumani anamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali. Naye anakataa, kwa hoja kwamba akikubali, kesho watoto wataambiwa kupigania nchi yao lilikuwa kosa, na neno lililozaliwa litakufa. Mimi nikashangilia. Bibi akasema, "Angesema tu. Wapo waliokuwa bado hai." Nikamwambia, bibi, huyo ni shujaa. Akanijibu, "Kwa wajomba wa mama si shujaa." Tulibishana jioni tatu, na sikumshinda.

Hapo ndipo dhamira ilipo, mdogo wangu. Neno lile lile lililounganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakigombana, ndilo lililowatoa mbele ya bunduki kabla hawajawa tayari. Kinjeketile mwenyewe aliwaambia wasubiri, akawa na mashaka juu ya yale aliyoyatamka alipopagawa, hasa yale ya kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar: kama mtu anatoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine, amekombolewa nini? Kitunda kwa upande wake alitaka mazoezi na mipango, hakutaka kuyategemea maji. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu umoja, uongozi, imani, ukombozi au nafasi ya neno katika jamii, huhitaji kukariri dhamira tano. Unarudi gerezani, kwenye mabishano yale yale, unayatazama kutoka upande ulioulizwa.

Baadaye nikagundua jambo lililonisaidia kuliko tahakiki yoyote. Yule wa kwenye historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907. Hakuishi kuona kushindwa. Wa kwenye tamthiliya ameachwa hai mpaka baada ya kushindwa, akae gerezani aulizwe lile swali. Mwandishi alijua historia. Akaivunja mahali pamoja, na mahali hapo ndipo alipotaka tuangalie. Tangu siku hiyo, nikisoma kazi yoyote iliyojengwa juu ya tukio la kweli, naanza kutafuta palipogeuzwa.

Nilipolisema hili kwenye kikundi chetu cha kujisomea Mbeya, kijana mmoja wa Iringa alisema Kinjeketile hamgusi, kwao vita vyao viliisha Mkwawa alipojipiga risasi 1898, na mwaka 1905 Wahehe wengi hawakuingia Majimaji. Wengine wakamcheka. Mimi nilimwona ndiye msomaji mzuri kuliko sote, kwa sababu swali lake linauma: kama umoja wa maji ulikuwa wa wote, mbona kuna waliobaki nje? Andika swali la namna hiyo pembeni ya daftari lako. Litakupa hoja ambayo haimo kwenye kijitabu chochote.

Sasa sifa za wahusika. Chukua Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, maana najua kwenye vikundi vingi Rosa anaandikwa kwa neno moja, "malaya", na baba yake, Zakaria, kwa neno moja, "mlevi". Inaniuma sana. Mfuate Rosa kwa matendo. Nyumbani Namagondo, baba anampiga kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Anajifunza kwamba mwanamume ni wa kuogopwa, wala hakuna anayemfundisha kingine. Anakwenda shule ya bweni akiwa na woga ule, na kadiri anavyokaa mbali na fimbo ya baba, ndivyo woga unavyogeuka kitu kingine kabisa. Huyu anabadilika, ndiyo maana tunamwita mhusika duara. Ukiandika "malaya" umemkamata mwishoni mwa safari na kuufuta mwanzo wake, na ukiufuta mwanzo umemwachia Zakaria aondoke bila kuulizwa kitu. Usiandike sifa hata moja ambayo huwezi kuiandikia tendo na sababu yake. "Zakaria ni mkali" haitoshi. Anamchunga binti kwa fimbo ilhali mwenyewe pombe imemshinda, na malezi ya namna hiyo ndiyo yanayomtoa Rosa nyumbani akiwa hana kinga. Sifa na dhamira hapo zimekuja katika sentensi moja.

Kwa Shaaban Robert, njia hii utaigeuza kidogo. Katika Kusadikika, kisa cha nchi ya kubuni inayoelea hewani, Karama aliyeshtakiwa ni Karama na Majivuno, waziri anayemshtaki, ni Majivuno tangu mwanzo. Majina yamekwisha kukupa sifa, na wahusika hao ni bapa, yaani hawabadiliki, kwa makusudi. Kwa hiyo usipoteze karatasi kuthibitisha kwamba Majivuno ana majivuno. Sikiliza kinachobishaniwa mahakamani, na kumbuka kitabu kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Nchi inayoelea hewani inakuwa njia ya kusema ambayo mtawala hawezi kuikamata shati.

Kuhusu chumba cha mtihani sina mengi. Swali likitaka hoja tatu kutoka kila kitabu, toa tatu na uache, kila hoja iwe na tukio na mhusika aliyelitenda. Vijitabu vya tahakiki visome mwishoni kabisa, ukiwa umekwisha kubishana na kitabu chenyewe, ili uone wapi unakubaliana navyo na wapi hukubaliani. Mimi nilivisoma wiki ya mwisho, nikafaulu vizuri mara hiyo.

Kama Mafinga hujakipata Kinjeketile, niandikie hapa. Mwezi huu nasafiri kwenda Makambako kufuata viazi, naweza kukuachia nakala yangu stendi kwa mtu unayemwamini. Ina maandishi ya kalamu pembeni, usiyasome kwanza. Mtafute mtu mzima hapo nyumbani, umsomee onyesho la gerezani kwa sauti, kisha umuulize kama angekuwa Kinjeketile angesema au angenyamaza. Ukirudi, utuambie hapa alijibu nini na wewe ulimpinga kwa hoja gani.