Swali la lugha: Alama 機 kwenye kibati ni mashine, mtambo au kifaa?

*Swali: Kazi yangu ni kutafsiri maelekezo ya mashine zinazoagizwa kutoka China na Japani: jenereta, pampu, mashine za kusaga na kukoboa. Alama moja, 机, naikuta karibu kwenye kila kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Kamusi yangu inasema ni "mashine", lakini mwenzangu aliyesoma Kijapani anashikilia kwamba 机 ni meza. Halafu zipo 器 na 械, nazo kamusi inazitaja mara "chombo", mara "mashine". Kwa Kiswahili niandike mashine, mtambo, kifaa au chombo? Na je, hizi tuziite herufi? (Msomaji, Mwanza)*

Nianze na ubishi wenu wa meza, maana nyote wawili mmesema kweli. Alama ya asili ni 機. Wachina huisoma *ji*; Wajapani waliipokea pamoja na maelfu ya nyingine, nao huisoma *ki*. Mwaka 1956 serikali ya China ilitangaza mpango wa kurahisisha maandishi, na 機 yenye mistari 16 ya kalamu ikaachiwa nafasi na 机 yenye mistari 6. Hii ya pili haikubuniwa siku hiyo. Ilikuwepo tangu kale, na upande wake wa kulia, 几, ni meza ndogo. Ilichaguliwa kwa sababu nayo hutamkwa *ji*. Japani haikuufuata mpango ule, kwa hiyo huko 機 imebaki na mambo ya mashine na 機 haiwi 机 kamwe: 机 kwao ni *tsukue*, meza ya kuandikia. Mwenzako akisoma kibati cha China kwa jicho la Kijapani ataona meza pasipo na meza. Taiwan na Hong Kong wao wanaendelea kuandika 機 kama zamani. Basi kabla hujafungua kamusi, tazama kwanza mzigo umetoka wapi.

Sasa tuje kwenye maana yenyewe, na hapa naomba uniwie radhi nikirefusha, kwa kuwa Kiswahili kina jambo la kusema.

Xu Shen, mwanachuoni aliyekamilisha kamusi yake maarufu karibu na mwaka 100 B.K., aliieleza 機 kwa maneno machache: kile kinachotawala ufyatuaji ndicho kiitwacho *ji*. Alichokuwa nacho akilini ni upinde wa kivita wa Wachina, ule unaolazwa juu ya gogo lililochongwa, kamba ikavutwa na kunaswa kwenye ndoana ya shaba, na mshale ukaondoka askari anapobonyeza kidole. Ndoana ile na vipande vyake vinavyogusana ndivyo *ji*. Vifyatulio vya namna hiyo vimefukuliwa karibu na mji wa Xi'an, China, kwenye mashimo ya askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang aliyefariki mwaka 210 K.K., na hadi leo wataalamu wa mambo ya kale huviita 弩机. Kutoka hapo neno likapanuka: chochote chenye sehemu zinazosukumana ndani kwa ndani hadi kazi ikafanyika.

Sasa fungua kamusi za zamani za Kiswahili, tafuta *mtambo*. Utakuta mtambo wa bunduki, mtambo wa saa, mtambo wa mtego: ile sehemu inayobana nguvu na kuiachia. Maana ya mashine kubwa, kama tunavyoijua leo, inasimama juu ya maana hiyo. Waswahili wa pwani na Wachina wa enzi za Han, zile za Xu Shen, hawakuulizana, lakini walipita njia moja, kutoka kwenye kifyatulio hadi kwenye mashine. Kwa hiyo ukiniuliza ni neno gani la Kiswahili lililo karibu zaidi na 機 kwa ukoo, nitajibu bila kusita: mtambo.

Lakini ukoo si matumizi, na wewe unaandikia watu watakaowasha kitu hicho kesho asubuhi. Leo *mtambo* umeelekea kwenye vitu vikubwa au vyenye sehemu nyingi zilizounganishwa: mitambo ya kufua umeme, mtambo wa kusafisha maji, mitambo ya kurushia matangazo, mitambo ya kuchonga barabara. Hata pipa na bomba za kupikia gongo polisi huziita mtambo, ingawa hazina mota wala gurudumu, kwa sababu sehemu zimeungwa zikafanya kazi pamoja. *Mashine* imebaki na kile ambacho mtu mmoja anasimama kando yake na kukiendesha: mashine ya kusaga, ya kukoboa, ya kufyatulia matofali. Hakuna anayepeleka mahindi "kwenye mtambo". Ukiona 机 kwenye kitu cha ukubwa huo na hakina jina lake la Kiswahili, andika mashine. Kikiwa kiwanda kizima au seti iliyofungwa kwenye zege, andika mtambo.

Nimesema "na hakina jina lake", na hapo ndipo watafsiri wengi wanapokwama. Chukua kibati cha jenereta. Kimeandikwa 发电机. Alama ya kwanza kwa umbo lake la zamani ni 發, na ndani yake umo upinde, 弓: maana yake ya awali ni kuachia mshale. Ya pili ilikuwa 電, juu yake pana mvua, 雨: ni umeme wa radi, kabla haujawa umeme wa waya, kama vile neno letu *umeme* lilivyoshuka kutoka mawinguni hadi kwenye nguzo. Ya tatu ni kifyatulio chetu. Ni jina zuri mno, na anayelijua ana haki ya kulifurahia. Lakini usimwandikie mkulima wa Sengerema "mashine ya kutoa umeme". Mwandikie *jenereta*, neno lililomo kinywani mwake tayari.

Tena zingatia mpangilio, maana alama zilezile zikibadilishwa nafasi hubadilisha kitu. 发电机 ni jenereta. 发动机, ambamo 动 ni mwendo, ni injini. 电动机 ni mota ya umeme. Kwenye mzigo mmoja wa jenereta ya dizeli unaweza kukuta mawili kati ya hayo yamebandikwa hatua moja kutoka jingine, na anayetafsiri alama mojamoja ataandika "mashine ya umeme" na "mashine ya mwendo" huku fundi akikuna kichwa. Mfano unaonisumbua zaidi ni 柴油机. 油 ni mafuta, na 柴 peke yake ni kuni. Si "mashine ya mafuta ya kuni". Ni injini ya dizeli, na 柴油 ni dizeli tu. Mtu akiuza tafsiri ya namna ile, mnunuzi anaweza kuharibu injini kwa kujaza kisichostahili. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni moja: tafsiri neno zima, usitafsiri viungo vyake.

Kanuni hiyohiyo inajibu ile hadithi tunayosikia sana kwenye semina za ujasiriamali, kwamba Wachina huandika "hatari" na "fursa" wanapotaka kuandika "janga". John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliisema kwenye hotuba mwaka 1959, na tangu hapo haijapoa. Neno ni 危機, Kichina cha sasa 危机. 危 kweli ni hatari. Lakini 機 hapo haibebi fursa. Inabeba ile maana ya kifyatulio, yaani nukta ambayo ikivukwa, jambo haliwezi kurudishwa nyuma. Fursa ni 机会, neno jingine ambalo nalo limeazima nukta hiyohiyo kwa upande wa heri. Kuvichanganya ni sawa na kusema kwamba ndani ya *mtambo* mna *tambo* la majigambo.

Tuingie kwa 器. Xu Shen aliona humo vinywa vinne vya vyombo na mbwa katikati, 犬, anayevilinda. Wajapani waliporekebisha maandishi yao baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliondoa nukta ya mbwa, ndiyo maana kwenye kibati cha Japani katikati utaona 大. Maana yake ya msingi ni chombo, na matumizi ya Wajapani yanaonyesha mpaka wake vizuri kuliko kamusi. Mashine ya kufulia ni 洗濯機, yenye 機, kwa kuwa ndani kuna kitu kinachozunguka. Jiko la umeme la kupikia wali ni 炊飯器, yenye 器, kwa kuwa ndani hakizunguki chochote. Ni chungu kinachopashwa moto. Kizima moto, 消火器, nacho ni 器. Wachina hufuata mwelekeo uleule ingawa si kwa ukali: transfoma ni 变压器, chaja ni 充电器. Lakini kuwa macho na 计算器 na 计算机. Ya kwanza ni kikokotoo, ya pili ni kompyuta, na hakuna kinachozitofautisha isipokuwa alama ya mwisho. (Mtaani China watu husema 电脑, ubongo wa umeme.) Kwa hiyo 器 isiyo na jina lake la Kiswahili iandike *kifaa*. *Chombo* nakiepuka kwenye maelekezo ya mashine, kwa kuwa msomaji wa pwani atafikiria jahazi na wa bara atafikiria sufuria. Zikiungana, 机器, ndipo zinakuwa mashine kwa jumla, na 机器人, "mtu-mashine", ni roboti.

械 ndiyo yenye historia nzito. Upande wa kushoto ni mti, 木, na Xu Shen aliieleza kuwa ni pingu za miti za kufungia miguu na mikono ya mfungwa. Baadaye ikawa zana, na pia silaha: 缴械 ni kusalimisha silaha. Peke yake hutaikuta mara nyingi. Iko ndani ya 機械, mashine, na neno hilo ni la kale kuliko injini yoyote. Limo katika maandiko ya Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China, pale mzee mmoja anayemwagilia bustani kwa mtungi anapokataa kupewa wenzo wa kuchotea maji kisimani. Anasema penye mashine huja shughuli za mashine, na shughuli hizo huzaa moyo wa mashine. Kijapani kina 器械 pia, inayotamkwa vilevile *kikai*, kwa vifaa visivyo na injini kama vile vya mazoezi ya viungo na vya daktari.

Kuna usomaji mmoja wa Kijapani wa 機 ambao sitaki uupite. Ikisimama peke yake husomwa *hata*, kitanda cha kufumia nguo. Toyoda Sakichi, mvumbuzi wa Kijapani, alitumia maisha yake kuboresha *hata*, na mwaka 1926 kikaanzishwa kiwanda cha vitanda vyake vya kufumia vinavyojiendesha, ambavyo husimama vyenyewe uzi ukikatika. Kutoka kwenye kiwanda hicho ilizaliwa kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937. Wazo la kusimama lenyewe hitilafu inapotokea bado hufundishwa huko kwa jina *jidoka*, na huandikwa 自働化 badala ya 自動化 ya kawaida. Katika 働 wameongeza mtu, 亻, kando ya mwendo, 動. Ni alama iliyotungwa Japani kwenyewe, na maana yake ni kufanya kazi. Hiace zinazobeba abiria kwetu zimetoka kwenye ukoo wa *hata*.

Kuhusu *herufi*: kwa mazungumzo sikatai, kila mtu husema "herufi za Kichina". Ila herufi kwetu hubeba sauti, na hizi hubeba maana pamoja na sauti, kwa hiyo ninapoandika huchagua *alama*, au majina yao wenyewe, *hanzi* kwa Kichina na *kanji* kwa Kijapani.

Mwisho, swichi, ambazo hukuziuliza lakini lazima utakutana nazo. China huandika 开 na 关. Japani huandika 入 na 切, yaani ingia na kata. Kwa kuwa tunasema umeme umekatika, utashawishika kuandika KATA. Usifanye hivyo, andika WASHA na ZIMA. Kitufe chekundu kikubwa China kitakuwa 急停, Japani 非常停止. Hapo mtu anayejua Kichina tu anaweza kupotoka, kwa sababu 非常 kwa Kichina cha kila siku ni "sana", ilhali kwa Kijapani ni dharura. Kiandike SIMAMISHA – DHARURA, kwa ukubwa usiopungua ule wa maandishi ya asili, na ubandike tafsiri yako kando ya kitufe, si kwenye kijitabu pekee.