Risiva Yako Haikuwa Feki, Ndugu Yangu

Alhamisi usiku msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, nimechomeka betri kwenye risiva ya gari langu la kuchezea la rimoti, imetoa moshi. Nimeuziwa feki?" Niliposoma, ile harufu ya plastiki iliyoungua ilinirudia puani. Risiva ni kile kidude cha ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti; yangu ya kwanza niliiua hivyohivyo, na bado inaniuma.

Nilikuwa nimenunua gari la umeme la 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, la mtumba, bila rimoti. Nikaweka akiba miezi minne ndipo nikaagiza rimoti na risiva. Mzigo ulipofika niliwaita watoto wa mtaani kwetu na majirani waje washuhudie. Kwenye risiva palikuwa na tundu limeandikwa BAT, na mkononi nina betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli mbili, imejaa. Nikajua ndipo pake. Taa iliwaka mara moja, ukatoka uzi mwembamba wa moshi, basi. Jirani mmoja akaniambia mbele ya watoto wale kwamba mtu mzima ana mambo ya maana ya kufanya. Maneno yale sijayasahau.

Seli moja ya lipo ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo mbili ni 8.4. Risiva yangu ilikuwa imeandikwa ubavuni, kwa herufi ndogo mno, volti 4.8 hadi 6. Zipo zinazohimili 8.4, lakini huwa zimeandikwa hivyo. Mimi sikusoma.

Kwenye gari la umeme betri kubwa inaingia kwenye spidi kontrola, kifaa kinachoongoza kasi ya mota. Ndani ya spidi kontrola nyingi mna kipunguza umeme kinachoitwa BEC, kinatoa volti 5 au 6, na umeme huo unafika kwenye risiva kwa waya mwembamba wa nyuzi tatu unaochomekwa kwenye tundu la chaneli ya 2. Nyekundu ya katikati ni chanya, nyeusi au kahawia ni hasi, nyeupe au ya machungwa inabeba amri za rimoti. Servo ya usukani, yaani mota ndogo inayogeuza tairi za mbele, iko chaneli ya 1 na inakula umeme huohuo. Tundu la BAT kwa kawaida utalihitaji siku ya kubaindi tu, yaani kuitambulisha risiva kwa rimoti yake, kwa risiva nyingi. Magari ya injini ya mafuta ndiyo huchomeka humo betri ndogo ya risiva, kwa kuwa hayana spidi kontrola.

Nilipopata risiva ya pili nilidhani yamekwisha. Hapana. Kila nikikata kona kali gari linakufa sekunde mbili, kisha linafufuka lenyewe. Wiki tatu niliilaumu rimoti, nikabadilisha betri zake, nikahamisha antena, nikakosa hata usingizi. Kumbe nilifunga servo yenye nguvu, ya gia za chuma, na BEC yangu ilikuwa ya ampea 2 tu. Servo ikikaza inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, risiva inazimika na kuanza upya.

Nikanunua BEC ya pembeni ya ampea 5, nikailehemu kwenye waya za betri kubwa, mdomo wake wa volti 6 nikauchomeka BAT. Halafu, na hapa wengi wanasahau, nikauchomoa uzi mwekundu kwenye plagi ya spidi kontrola na kuufunga kwa tepu, ili BEC mbili zisigombanie risiva moja. Jumamosi iliyopita gari lilikimbia hadi betri ikaisha, halikuzimika hata mara moja. Aliyeshika rimoti ni mtoto wa yule jirani.

Sasa niwaambie vijana wenzangu. Tuna haraka mno ya kuchomeka na uvivu wa kusoma, kisha tunamwita muuzaji mwizi. Nunua kipima volti (multimita) kabla hujanunua tairi mpya. Pima volti zinazotoka kwenye ile plagi ya nyuzi tatu kabla haijagusa risiva. Ukibadilisha betri, pima. Ukiazima spidi kontrola ya rafiki, pima tena, hata akikuapia. Rimoti iwashwe kwanza, gari lifuate, na tairi ziwe hewani siku ya kwanza.

Na wewe wa Morogoro, usichomeke risiva mpya bado. Piga picha ya maandishi yaliyo juu ya spidi kontrola yako na ya servo, unitumie leo.